Mama wa Juu Alivyoisafisha Kompyuta Yetu

Nianze na mikono yake, kwa sababu ndiyo iliyoniudhi mwanzo. Ilikuwa mikono mipana, mikavu, inayonuka dawa ya kusafishia hata Jumapili, na mwanangu aliipenda. Tukitoka sokoni Wembley, hapa London, mimi upande huu, yeye upande ule, Nadia katikati, tukifika pa kuvuka barabara mtoto alinyoosha mkono upande ule. Mimi niliyemzaa nilibaki nimeshika mfuko wa viazi.

Tulimwita Mama wa Juu kwa kuwa alikaa ghorofa ya juu yetu. Jina lake halisi nalijua, ila nyumbani kwetu halikuwa na kazi. Alikuja Wembley mwishoni mwa miaka ya tisini, akitokea Bukavu, Kongo, kwa njia ndefu ambayo hakupenda kuisimulia, akapata kazi ya kusafisha maofisi. Alitoka alfajiri, na adhuhuri alikuwa amesharudi. Mimi nilikuwa nesi, na zamu zangu nyingi zilianza mchana. Baba yake Nadia alikuwa amenirudishia ufunguo wa nyumba na kwenda zake Mombasa, tulikotoka wote wawili, kuanza maisha mengine. Basi kengele ya shule ilipolia, mtu mzima aliyekuwa na nafasi ya kwenda getini alikuwa mmoja tu, na hakuwa mimi. Alijitolea mwenyewe. Nilimshukuru kila siku, na kumshukuru mtu kila siku kunachosha.

Nikirudi kazini alikuwa akinipokea mlangoni kwangu kana kwamba mimi ndiye mgeni. "Mama Nadia, usisumbuke. Mutoto amekwisha kula, amekwisha oga." Kilichobaki kwangu kilikuwa kumtazama amelala.

Usafi kwake haukuwa kazi tu, ulikuwa dini ya pili. Alikuwa na vitambaa vya rangi nne, kama walivyofundishwa kazini: chekundu cha choo, cha njano cha beseni, cha kijani cha jikoni, cha buluu cha kwingineko kote. Nadia alizijua sheria hizo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Siku moja nilimwaga chai, nikavuta kitambaa kilichokuwa karibu, mwanangu akanishika mkono. "Mum, no, that's the red one!" Yaani mimi, nesi, nafundishwa habari za vijidudu na mtoto wa miaka sita, tena jikoni kwangu.

Sehemu zinazoonekana hakuzijali sana. Alisema hizo hata mvivu atazifuta, kwa kuwa anajua zitatazamwa. Yeye alitafuta kwingine: juu ya milango, nyuma ya jiko, ndani ya swichi za taa, kwenye matundu ya simu ambamo sauti hupita. "Mimi niko nasafisha fasi watu hawaone," alikuwa akiniambia, huku amepiga magoti chini ya sinki langu bila kuombwa na mtu. Nilisimama nyuma yake nimejifunga mikono. Nilitamani apate hata mende mmoja wa kumtia woga, lakini mende mwenyewe alikuwa ameshahama.

Msidhani alikuwa malaika, ingawa Nadia aliamini hivyo. Mkoba wake ulikuwa jalala. Humo mlikuwa na tiketi za basi za mwaka juzi, maganda ya karanga, karatasi za nyimbo za kwaya zilizokunjwa mara elfu, na mswaki. Alichelewa kila mahali isipokuwa kazini. Harusini alifika watu wakikusanya viti. Alidanganya umri wake mbele yangu mara mbili, na mara zote mbili kwa namba tofauti. Akicheza karata na Nadia aliiba waziwazi, akishikwa anaimba pambio. Mimi ningeiba karata, mwanangu angeninunia wiki nzima. Yeye alipoiba, mtoto alianguka kwenye zulia kwa kicheko.

Sasa nifike penye kidonda. Nadia, kama watoto wengi wanaozaliwa hapa, alinielewa Kiswahili chote lakini hakunijibu nacho hata kidogo. Nilisema, "Mwanangu, umekula?" akajibu, "Yeah, Mum." Nilisema, "Hebu njoo uniambie ya shuleni," akajibu, "Nothing happened, Mum." Nikajifariji kwamba ndivyo walivyo wote. Lakini kuna jioni nilirudi mapema, nikapanda ghorofani kumchukua, na nikiwa bado ngazini nikasikia sauti ya mtoto inayoongea Kiswahili, tena kwa haraka na kwa mbwembwe, Kiswahili cha Bukavu chenye "iko" na "njo" na "fasi". Nikadhani wana mgeni. Nikafungua mlango, nikamkuta mwanangu. Alinyamaza palepale. "Hi, Mum."

Mimi nilikuwa Mum. Yule alikuwa Mama. Hakumwita "Mama wa Juu", hapana. Hilo lilikuwa jina la kumtaja akiwa hayupo. Akimwita usoni alikuwa Mama basi, bila nyongeza.

Kompyuta niliinunua Nadia alipoingia sekondari. Ilikuwa imeshatumika, sanduku kubwa la kijivu na skrini nzito kama tumbo la mjamzito, nikaiweka sebuleni. Nilikuwa na nia yangu. Nilitaka kitu ambacho kiko kwetu chini na hakiko kule juu, kitu kitakachomfanya mtoto ashuke. Alishuka kweli, lakini alishuka na Mama wa Juu.

Maana Mama wa Juu alikuwa na binti Bukavu, mkubwa kuliko Nadia kwa miaka michache. Alimwacha akiwa mdogo kwa shangazi yake, dada wa marehemu mumewe, na alikuwa akisubiri karatasi zake zikamilike ili amlete. Hakunieleza mengi juu ya huyo binti, na mimi sikuuliza. Mwenye wivu hapendi kuuliza jambo litakalomfanya amhurumie mtu. Nilichojua ni kwamba tangu kompyuta ifike, kila Jumamosi asubuhi alikuja kukaa sebuleni kwangu, Nadia akimwandikia barua pepe kwenda kwenye duka moja la intaneti kule. Yeye mwenyewe aliiogopa mashine. Panya wake alimshika kwa mikono miwili kama atamtoroka. Wakati mwingine ilikuja picha. Kwa mtandao wa siku zile, picha ilifunguka kuanzia juu kidogo kidogo: kwanza ukuta, halafu nywele, halafu paji la uso. Yeye alikaa ukingoni mwa kiti akisubiri macho. Nadia alimshika mkono. Mimi nilipita nyuma yao na kikapu cha nguo, hakuna aliyegeuka.

Basi siku moja Mama wa Juu akachungulia nyuma ya sanduku lile, akaona matundu yamezibwa na vumbi. Kwa mtu kama yeye, maelezo yalikamilika hapo hapo. Picha inachelewa kwa sababu njia ni chafu. Mchana, nikiwa kazini, aliazima bisibisi kwa jirani wa chini, akanunua brashi mpya ya rangi, akachukua kitambaa cha buluu, akafungua.

Niliporudi sikujua lolote. Niliona tu sanduku linang'aa. Nikawasha, likawaka upesi kuliko zamani, hata nikafurahi. Lakini baada ya muda mfupi mshale ukaanza kujikokota. Nadia alikuwa akiandika kazi ya shule. Anamaliza sentensi nzima, ndipo herufi zinaanza kutokea moja moja. Feni ya ndani ikapiga kelele kama mashine ya kukaushia nywele. Tukazima. Asubuhi tukawasha, ikaenda vizuri, kisha ikalegea tena.

Kazini kila mtu aliniambia ni virusi. Tukatafuta virusi, hatukupata. Nadia akafuta michezo yake huku analia. Tukapunguza programu zinazojiwasha zenyewe, tukapanga diski upya, tukasubiri, hakuna nafuu. Ndipo nikaacha kufikiri kama mwenye kompyuta, nikafikiri kama nesi. Mgonjwa anayeamka mzima na kuzidiwa kadiri siku inavyokwenda, humpimi masikio, unampima joto. Nikaweka kiganja ubavuni mwa lile sanduku. Lilikuwa la moto wa kupigia pasi.

"Nadia, ilianza lini?"

"Dunno. Last week."

"Na wiki iliyopita nani aliigusa?"

Akaangalia miguu yake. Mwanangu hajui kudanganya. Hilo hakulichukua kule juu. "She just cleaned it, Mum. She was being nice. Don't say anything to her."

Nitasema kweli, moyo wangu ulichanua. Nilikuwa nimemshuku tangu mwanzo, kwa wivu mtupu na bila ushahidi wowote, na kumbe wivu wangu ulikuwa umeona sawasawa. Kesho yake nilikuwa na mapumziko. Nikaitia kompyuta kwenye kigari changu cha sokoni, nikaifunika kwa kanga, nikapanda nayo basi mpaka Kingsbury. Kulikuwa na duka la mzee mmoja Mgujarati, mzaliwa wa Kisumu, aliyetengeneza mashine nyuma ya makabati ya kanda za video. Alifungua, akainua feni na bonge la chuma lililo chini yake, kisha akavua miwani akaifuta, akavaa tena.

"Mama, hii nani ameosha?"

"Jirani."

"Hata sufuria za mke wangu haziko safi namna hii." Alinionyesha. Kile kidude cha katikati, ambacho ndicho ubongo wa mashine, kiling'aa kama kioo, na chuma chake vilevile. "Hapa kati kulikuwa na dawa ya kijivu, nzito, kama dawa ya meno iliyokauka. Ameona ni uchafu, ametoa yote. Sasa hiyo dawa ndiyo inapitisha joto kutoka huku kwenda huku. Bila hiyo, joto linabaki chini, na mashine inajipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua."

"Nirudie tena, mzee. Polepole."

Alirudia, akidhani nimependa sayansi. Alichukua kibomba kidogo kama sindano yangu ya kazini, akatia tone jipya la dawa, akarudisha chuma na feni. Tukaiwasha tukaiacha ifanye kazi wakati mkewe akituletea chai ya maziwa, na haikulegea. Safari yote ya kurudi nilikaa kwenye basi nikijisomea hotuba. Nitaanza kwa upole. Nitasema, "Dada, najua ulikuwa na nia njema." Halafu nitataja ubongo, dawa na joto, mbele ya Nadia, na Nadia ataona nani katika jengo hili anajua mambo na nani anajua kupangusa tu.

Nikamwita. Akashuka na aproni yake, Nadia naye akatoka chumbani amekunja uso. Nikaanza. Sijafika hata kwenye joto, Mama wa Juu akajipiga paja.

"Mama Nadia! Njo mimi nilifanya! Nilifungua yote, nikapangusa. Nilikuta ile kitu ya kijivu imeshikana pale kati, nikasema, Mungu wangu, hata ku maofisi sijaonaka bucafu ya vile! Nikakwangua, nikapangusa na spiriti mpaka nikaona uso yangu!" Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Halafu kicheko kikakatika ghafla, akaniangalia. "Na picha ya mutoto wangu? Iko? Nimeipoteza?"

Macho yake yalikuwa yamejaa. Hotuba yangu yote ilikuwa bado iko mdomoni, na sehemu nzuri ilikuwa haijafika.

Nadia alipiga magoti kando yake, akamshika ile mikono. "Haina shida, Mama. Picha iko. Nitaifungua sasa hivi, utaiona." Alisema yote hayo kwa Kiswahili, mbele yangu, bila kunitazama. Nilikuwa nimesubiri miaka kumi na mmoja kusikia mwanangu akimfariji mtu kwa lugha yangu. Nikabaki nimesimama na nyaya mkononi. Hata kukosea, yule mwanamke alikosea vizuri kuliko mimi nilivyopatia.

Hata umbea alininyima. Nilikuwa nimepanga kuwasimulia watu, lakini Jumapili ileile alikuwa ameshajisimulia mwenyewe kwa kwaya nzima, na kwa wiki nyingi nilikutana na wageni madukani wanaoniambia, huku wanacheka, "Ni wewe jirani yake yule aliyeosha kompyuta? Una bahati wewe!"

Miaka ikaenda. Karatasi zake zikakamilika, akapewa nyumba Stratford, akahama. Nadia alilia siku tatu. Mimi nilisaidia kubeba masanduku kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Nilidhani sasa mtoto ni wangu, lakini alikuwa ameshakua, na haukupita muda akaenda chuoni nje ya London. Jumapili hunipigia simu. Kabla au baada ya hapo humpigia nani, sikuwahi kuuliza.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisema, binti wa Bukavu alikuwa amefika. Mama wa Juu alinipigia simu, sauti inapasuka, akaniambia nije kumwona. Nikapanda treni kutoka Wembley Park mpaka mwisho wa njia. Nilikwenda kwa udadisi zaidi kuliko upendo, na nilibeba mahamri.

Mlango alifungua binti mwenyewe, msichana mrefu, mtu mzima sasa. Alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu, Mama. Kaa hapa, Mama. Unipe koti yako, Mama." Alikuwa amesikia kwamba mimi ni nesi, na yeye alitaka sana kusomea uuguzi, basi akaketi kando yangu kwenye kochi akaniuliza hili na lile: masomo huchukua muda gani, damu niliizoeaje, wazee wa hapa ni wakali? Tulizungumza kama tuliojuana zamani. Mama wa Juu alikuwa jikoni. Binti akihitaji kitu alisema kwa kuelekea mlango wa jikoni, "Sukari iko wapi?" "Vikombe ni hivi?" Jina halikuwapo mbele wala nyuma. Labda mtu mwingine asingelisikia hilo pengo. Mimi nilikuwa na masikio yaliyofunzwa.

Kisha simu ikalia kutoka Bukavu, na msichana akaruka. "Allô, Mama!" Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtoto. Ilikuwa shangazi yake, yule aliyemlea. Waliongea na kucheka muda mrefu. Mama wa Juu alitoka jikoni, akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na kitu. Nilitazama: kilikuwa chekundu.

Simu ilipokwisha, binti alirudi kando yangu na birika. "Mama, nikuongeze?" Na mimi nilifurahi. Nisijifanye; nilifurahi vibaya sana, kwa dakika nzima. Mtoto wake ananiita mimi Mama, ananimiminia mimi chai, na yeye amesimama anatazama. Kisha nikauona uso wake. Sikuhitaji kuelezwa chochote, kwa kuwa ulikuwa uso wangu wa miaka yote ile, na sikuwahi kujua kwamba unaonekana hivyo ukiwa nje.

"Mwanangu," nikamwambia binti, "mwongeze mama yako kwanza."

Msichana akageuka na birika. Mdomo ulifunguka, ukatafuta, haukupata. "Utakunywa?" akauliza.

"Aksanti, mutoto wangu. Nitakunywa."

Nikaaga mapema. Mama wa Juu akasisitiza kunisindikiza mpaka stesheni. Tulipofika kwenye geti la tiketi watu walikuwa wengi wakitoka kazini, wanatupita huku na huku. Akanishika mkono kwa ile mikono yake.

"Mama Nadia, wewe ulivumiliaka namna gani? Myaka yote ile?"

Kumbe alijua. Alikuwa anajua siku zote.

"Sikuvumilia," nikamwambia. "Nilikuchukia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, bila kuudhika, kama mgonjwa anayeelezwa dawa yake.

"Na ile ilikusaidia?"

Nikafikiri. Treni yangu ilikuwa imeshatangazwa.

"Kidogo," nikasema.